Nguruwe wa Lowell, Shimo la Arlys

Arlys Dykhuis alilea nguruwe karibu miaka ishirini bila kumiliki hata mmoja. Huku kwetu kaunti ya Vesper, pembe ya juu ya jimbo la Iowa, hakuna anayeshangaa kusikia hivyo. Mabanda mawili yalikuwa yake, na mkopo wa benki uliojenga mabanda hayo ulikuwa wake. Umeme wake, gesi yake, mgongo wake. Mavi yalikuwa yake pia, na nguruwe akifa, mzoga ulikuwa wake. Ila nguruwe akiwa hai na ana bei, huyo alikuwa wa Lowell Brandsma. Lowell aliwaleta wadogo wa kubebeka kwapani, akaleta chakula chao, na wakishanona alituma malori kuwachukua. Arlys alilipwa ujira wa kulea, kwa kila kichwa kilichopanda lori.

Mimi ni jirani yake. Barabara ya kokoto ndiyo inayotutenganisha. Mume wangu Gaylen na mimi tunalima mahindi na soya, kwa hiyo sikuwahi kuamka nao hao nguruwe, lakini nilimwona Arlys akiamka nao. Mwanamke mrefu, mikono kama ya seremala, na sauti mbili: moja ya watu, kavu, na nyingine ya nguruwe, laini kama ya mtu anayebembeleza mtoto. Kabla ya kuingia bandani alikuwa anabisha hodi. Ndiyo, hodi, kwa ngumi mlangoni mara kadhaa, ili wasishtuke wakakanyagana. Mumewe Merlyn alipokufa, moyo ukasimama akiwa mezani na uma mkononi, Arlys alikuja kutuambia, kisha akarudi kuwalisha. Hakuwa na moyo mgumu. Wanyama hawajui msiba, na mtu wa kumpokea hakuwepo. Binti yake Kendra ni muuguzi mjini Omaha.

Halafu yakaja yale majira ya kuchipua ya korona.

Kiwanda cha nyama cha Hollum, kule wanakochinjiwa nguruwe wote wa kaunti yetu na za jirani, kilianza kupoteza watu. Wanasimama pale bega kwa bega, Waguatemala, Wasudani, na wazee wetu wawili watatu waliobaki, na ugonjwa ukapita kati yao kama moto kwenye mabua makavu. Mwanzoni kiwanda kikapunguza zamu, kisha kikafunga geti. Malori yakasimama. Nguruwe hawakusimama. Nguruwe anakula, anakua, na banda lililojengwa kwa ajili ya nguruwe wa uzito fulani linageuka kuwa kabati lililojaa kupita kiasi. Arlys alipandisha joto bandani wapoteze hamu ya kula. Akabadilisha chakula. Alikuwa anakuja barazani kwangu, anakaa mbali, barakoa imening'inia sikio moja, ananiambia, "Wamebanana, Marvella. Wanalala kwa zamu."

Siku Lowell alipokuja mwenyewe nilikuwepo, kwa sababu nilikuwa nimempelekea Arlys mayai. Kwa kawaida alikuwa akimtuma mwanawe Trent. Alishuka kwenye pikapu yake, akasimama mbali, mikono mifukoni. Lowell si mtu mbaya wa kwenye hadithi. Ni mzee wa kanisa letu, ana tumbo la haja, anacheka haraka, na alibeba jeneza la Merlyn. Hilo ndilo linalouma zaidi.

"Arlys, mambo yameharibika," alisema. "Kiwanda hakifunguliwi wiki hii wala ijayo. Nina wadogo wanazaliwa kila siku, sina pa kuwaweka. Hawa wako inabidi waondoke."

"Waondoke waende wapi?"

"Unajua wapi."

"Sijui. Niambie kwa mdomo wako."

Lowell alitazama mabanda. "Tutazima feni. Tunafunga mapazia, tunaongeza joto. Saa chache tu yanaisha. Kila mtu anafanya hivyo."

"Feni za nani?"

"Arlys, tafadhali."

"Nimekuuliza swali rahisi. Utazima feni za nani? Bili ya umeme inakuja kwa jina la nani?"

"La kwako," alisema Lowell.

"Basi. Nguruwe ni wako, sikatai, na wewe unajua utakalojibu mbele ya Mungu. Lakini ndani ya banda langu hapikwi mnyama akiwa hai. Lete watu wa kuwaua kama nguruwe wanavyouawa, mmoja mmoja, au uwahamishie sebuleni kwako."

Nilitamani kucheka lakini uso wa Arlys ulinizuia. Lowell alijikuna shingo, akasema itachukua siku nyingi, na watu wa kazi hiyo ni ghali. Kisha Arlys akasema, sasa kwa sauti iliyoshuka:

"Lowell, sikiliza. Wale watu wa kiwandani wako majumbani hawana mshahara. Wana watoto. Wanajua kuchinja kuliko mimi na wewe. Niachie nipige simu mbili tu. Watakuja na magari yao, watachukua mmoja mmoja, na kesho hutaona hata mkia."

"Siwezi."

"Kwa nini huwezi?"

"Mtu akiumwa tumbo, mwanasheria wake ananitafuta mimi."

"Watatia sahihi kwamba wamechukua kwa hiari yao."

"Na nikianza kugawa bure, wa kununua atabaki nani?"

"Kwa hiyo ni afadhali waoze."

"Sijasema hivyo."

"Umesema. Umesema kwa adabu tu."

Walikuja wanaume na bunduki za kuchinjia, zile za kugusisha kwenye paji la uso, na kazi ikachukua karibu wiki. Wale wanaume hawakuijua njia ya kuwatoa nguruwe bandani bila kelele na marungu ya umeme, kwa hiyo Arlys aliwatoa mwenyewe. Kila asubuhi alibisha hodi, akaingia, akawaongoza kwa ile sauti yake ya pili hadi mlangoni, kwa makundi madogo, akarudi kuchukua wengine. Nilimwambia, "We mwanamke, kaa ndani. Usijitese." Akanijibu, "Wamezoea mimi. Akija mtu mwingine wataogopa."

Na mizoga? Mkataba ulisema mizoga ni ya mwenye banda. Huo mkataba aliutia sahihi Merlyn zamani, akifikiria nguruwe wawili watatu wa kufa kwa mwezi, kama inavyokuwa. Sasa yakawa mabanda mawili mazima. Lowell alileta wakili wake kwenye simu, na wakili akasoma kifungu, na ikawa hivyo. Shimo likachimbwa kwenye kona ya ardhi ya Arlys, pale alipokuwa akipanda nyasi za kuuza. Mwenye kijiko cha kuchimbia, ile mashine iliyochimba shimo, akamletea Arlys bili.

Wiki hiyohiyo mimi nilikuwa uwanja wa maonyesho wa kaunti, nikigawa maboksi ya chakula. Magari yalipanga foleni kutoka getini hadi barabara kuu. Dirisha linafunguka, macho juu ya barakoa, "Asante, mama," boksi linaingia, gari linaondoka. Ndani ya maboksi mlikuwa na viazi, maziwa, makaroti. Nyama hapakuwa. Mama mmoja wa Kiguatemala mwenye watoto wanne kiti cha nyuma aliniuliza kwa upole kama kuna nyama kidogo, na mimi nilikuwa nimetoka kusikia milio ya zile bunduki asubuhi, nikamwambia hakuna. Nilisema hakuna, na maili chache kutoka pale ilikuwa inafukiwa kwa tingatinga. Mpaka leo nikikumbuka, ninachosikia si huzuni. Ni hasira.

Mabanda yakawa matupu. Arlys aliyaosha kwa maji ya mpira, kuta na sakafu, tayari kwa kundi jipya. Kundi jipya halikuja. Lowell alisema anapunguza kwanza, anangoja aone soko. Hakuna nguruwe, hakuna ujira. Benki haikupunguza chochote.

Ndipo serikali ikatangaza msaada wa wakulima. Nisijifanye mtakatifu: sisi wa mahindi tulilipwa. Gaylen alijaza fomu, na baada ya siku chache pesa zikaingia, haraka kuliko nilivyowahi kuona serikali ikitoa kitu. Ng'ombe walilipiwa, maziwa yalilipiwa, nguruwe walilipiwa kwa kichwa. Nikamwambia Arlys, "Nenda na wewe." Akavaa koti lake la kanisani akaenda.

Ofisi ya kilimo ya kaunti ilikuwa imefungwa milango kwa ajili ya ugonjwa, mambo yote kwa simu. Arlys hakuamini mambo ya simu. Alisimama nje ya dirisha la kioo, akampigia Twila Oostra aliyekuwa amekaa ndani ng'ambo ya kioo kilekile, na wakazungumza hivyo, kila mmoja na simu sikioni, wakitazamana. Tulisoma pamoja sote watatu. Alinihadithia mwenyewe.

"Twila, niandikishe."

"Wako walikuwa wangapi?"

"Unajua walikuwa wangapi. Umeshanywa kahawa kwangu ukilalamikia harufu yao."

"Namaanisha wako, Arlys. Walio kwa jina lako."

"Kwa jina langu hapana. Lakini niliwalea mimi, na nimewazika mimi."

"Msaada ni wa mwenye mnyama. Yeye ndiye aliyepata hasara ya soko, ndivyo ilivyoandikwa."

"Na mimi sikupata hasara?"

Twila alishusha macho. "Ulipata, dada. Lakini humo ndani huna jina. Kwao wewe ni mwenye jengo."

"Mwenye shimo," Arlys alimwambia. "Andika hivyo. Mwenye shimo."

Twila akalia kule ndani, na Arlys akabaki nje akimtazama mwenzake akilia nyuma ya kioo, na hata kumshika bega hakuweza. Twila hakuwa na kosa. Hiyo ndiyo hila ya mambo haya: ukienda kutafuta wa kumkamata shati, unakuta kila mtu ana mikono misafi na kalamu ya serikali.

Lowell yeye alilipwa. Hakuficha, wala hapakuwa na cha kufichwa, kwa sababu yote yalikuwa halali. Sheria iliweka kikomo cha malipo kwa mtu mmoja, ila Lowell kwenye karatasi hakuwa mtu mmoja. Alikuwa Lowell, na mkewe, na Trent, na mkwe wake, wote washirika wa kampuni ya familia, na kila mmoja alifika kwenye kikomo chake. Mkwe mwenyewe anafanya kazi saluni na nguruwe anawaona kwenye kalenda. Kwenye kituo cha nafaka, pale wanaume wanapokunywa kahawa, Lowell alisema kwa sauti, "Tungezama. Nawaambieni kweli, tungezama." Kabla majani hayajaanza kupukutika akanunua shamba la marehemu Ruisch kwenye mnada, akipandisha bei mpaka Gaylen wangu akashusha mkono. Mtu aliyekuwa anazama.

Halafu likaja lile la bahasha. Shemasi mmoja alifika kwa Arlys jioni, akasimama barazani akikunja kofia yake.

"Dada, kanisa limekukumbuka. Ni kitu kidogo. Kutoka kwa ndugu asiyependa kutajwa."

"Ndugu gani?"

"Nimesema hapendi kutajwa."

"Ana tumbo kubwa?"

Shemasi masikini hakujua kudanganya. Akaangalia viatu vyake, na hilo likawa jibu. Arlys aliipokea bahasha, akamshukuru, akampa kipande cha pai. Shemasi alipoondoka, Arlys aliingia kwenye gari, moja kwa moja mpaka kwa Lowell, akaitia bahasha kwenye sanduku lake la barua haijafunguliwa, pamoja na bili ya yule mwenye kijiko cha kuchimbia. Bili haikujibiwa.

"Angenilipa bili ningenyamaza," aliniambia. "Kweli kabisa, Marvella, ningenyamaza. Lakini mtu anichukulie langu, halafu anirudishie kipande chake kwa jina la sadaka? Nimpigie magoti?"

Kiangazi kile tulikuwa tunasali ndani ya magari. Mchungaji Kessel alisimama juu ya toroli la nyasi, lile refu la kukokotwa na trekta, kwenye kiwanja cha kanisa, akiwa na kipaza sauti, nasi tumepanga magari mbele yake tunamsikiliza kwenye redio ya gari. Badala ya kusema amina tulipiga honi, moja fupi. Watoto walipenda sana. Jumapili iliyofuata ile bahasha mchungaji alitangaza kwamba atakaye kutoa ushuhuda apande torolini. Lowell akapanda. Amevaa shati jeupe, nywele zimechanwa kwa maji.

"Ndugu zangu," alianza, "mwaka huu tumepita kwenye bonde. Lakini Bwana ametuvusha—"

Honi ikalia. Haikuwa fupi. Arlys bado anaendesha pikapu ya zamani ya Merlyn, na honi yake ni kama ng'ombe mwenye kikohozi. Ililia, ikaendelea kulia. Lowell akatabasamu, akangoja. Ikanyamaza.

"Kama nilivyosema, Bwana ametuvusha, na jamii yangu—"

Ikalia tena. Safari hii watu wakageuza vichwa. Kijana wa kupanga magari akakimbia na koleo la nyaya mkononi, akainama dirishani kwa Arlys.

"Honi imekwama, bibi?"

"Haijakwama," alisema Arlys, bila kuondoa mkono.

Lowell alijaribu mara ya tatu na mara ya tatu akazimwa. Uso wake ulikuwa umeiva. Mchungaji Kessel, mtu mpole anayeogopa ugomvi kuliko ugonjwa, akachukua kipaza sauti akasema, "Dada Arlys, labda una neno?"

Nilijua angekataa. Katika maisha yake yote kanisani hakuwahi kusimama mbele hata kutangaza chakula cha pamoja. Lakini mlango wa pikapu ulifunguka. Alitembea kati ya magari na lile koti lake, akapanda torolini, na Lowell akarudi nyuma mpaka ukingoni, maana pale juu hapana nafasi ya watu watatu wanaoogopana.

Sauti yake ilitokea kwenye redio yangu, karibu kabisa, kama amekaa pembeni yangu.

"Ndugu Lowell anasema Bwana amemvusha," alisema. "Mimi sitaki kumwingilia Bwana. Nataka tu kusema kwamba umeme niliulipa mimi. Gesi niliilipa mimi. Wale wanyama wamelala kwenye ardhi yangu, na harufu yao mnaisikia nyote mkipita, mnafunga vioo. Serikali imelipia kila kichwa kilicholala mle, na hakuna hata senti iliyofika kwenye kona ile. Sasa nimeletewa bahasha ya maskini. Mimi si maskini. Mimi nimefanya kazi." Nilisikia pumzi yake redioni. "Kama kuna mtu wa kulipwa kwa kazi, nilipwe. Kama hakuna, basi msinipe sadaka na msimshukuru Mungu kwa kula jasho langu. Ni hayo tu."

Akashuka. Kisha kutoka nyuma kabisa honi moja ikalia, fupi, kama amina. Nyingine ikafuata upande wa kushoto, na nyingine. Nilitazama kwenye kioo: wote walikuwa watu wenye mabanda, wanaolea nguruwe wa watu wengine. Gaylen aliweka mkono wake juu ya honi yetu na akanitazama, na mimi nikamsukuma mkono ukabonyeza. Waliobaki, nao ndio walikuwa wengi, walikaa na vioo vimepandishwa wakitazama mbele. Familia mbili ziliwasha magari zikaondoka. Mchungaji akaomba sala ndefu juu ya amani, bila kusema ni amani ya nani na nani.

Kilichofuata nadhani mnakitarajia. Trent alileta barua kwamba mkataba umekwisha. Alikuwa na haya, aliikabidhi akiangalia pembeni, akasema, "Ni mambo ya soko tu, mama Arlys." Arlys akamwambia, "Msalimie baba yako. Mwambie soko limenisikia." Dukani baadhi ya wanawake walianza kuona rafu za sabuni zinavutia sana kila alipopita. Kulikuwa na waliosema ana haki lakini kanisani si mahali pake. Nikawauliza, mahali pake ni wapi? Ofisini kumefungwa, mkataba umeandikwa na wakili wa mwenzake, na kwenye kituo cha nafaka wanawake hatukaribishwi kahawa. Nionyesheni mahali pake nimpeleke.

Arlys akapata kazi jikoni shule ya msingi, kupika na kuosha masinia ya chakula cha watoto. Akiwa na zaidi ya miaka sitini, akaanza kuvaa wavu wa nywele na kupokea amri za msichana ambaye yeye mwenyewe aliwahi kumfundisha shule ya Jumapili. Hakulalamika juu ya kazi. Jioni alipiga simu. Yeye na wale wa zile honi, pamoja na wafuga kuku wa mkataba kama wao wa majimbo ya kusini ambao hata majina yao hakuweza kuyatamka, walipiga simu kwa wabunge, kwa makatibu wa wabunge, kwa mashine za kurekodi za wabunge. "Naitwa Arlys Dykhuis, ni yule mwanamke wa jana," ndivyo alivyokuwa anaanza. Sidhani ni yeye peke yake aliyelifanya, lakini baridi ile sheria mpya ilitoka, na ndani yake wakatajwa wanaolea mifugo ya wengine. Tulifurahi, tukala keki. Kisha tukangoja. Kanuni ziliandikwa, zikasitishwa, zikaandikwa upya. Lowell alilipwa kabla hata nyasi hazijaota juu ya shimo. Arlys alilipwa nyasi zimeshakatwa mara mbili. Pesa ziliingia asubuhi, na mchana ule ule benki ilishachukua karibu zote.

"Angalau sasa nina jina," alisema. Halafu akatukana, neno ambalo sijawahi kumsikia nalo, na akaniomba radhi.

Wakati huo bei ya nguruwe ilikuwa imepanda juu kuliko tulivyoizoea, na Lowell akakosa mabanda. Akaja. Safari hii alibisha mlango wa jikoni, akavua kofia.

"Arlys, tusiwekeane kinyongo. Mabanda yako ni mazuri. Tuanze upya."

"Karibu, kaa." Alimmiminia kahawa yake mbaya. "Masharti yangu ni mawili. Banda likiwa tupu kwa kutaka kwako, unanilipa kama limejaa. Na serikali ikitoa chochote kwa ajili ya wanyama walio kwangu, tunagawana."

"Hakuna mtu anayeandika mkataba wa hivyo."

"Basi kuwa wa kwanza. Watakusifu kanisani."

Lowell alizungusha kikombe. "Nikikubali kwako, kesho watataka wote."

"Natumaini," alisema Arlys.

Hakumaliza kahawa. Baada ya muda tukasikia kwamba amewapata Colby na Janessa Haverkamp, watoto wa watu tunaowafahamu, wamefunga ndoa juzi na mtoto wa kwanza yuko tumboni. Watajenga mabanda mapya kwa mkopo wa benki, na Lowell ataleta nguruwe. Arlys alikwenda kwao Jumamosi na pai ya tufaha, akakaa mezani pao, akawasimulia yote tangu mwanzo bila kuruka kitu. Janessa alisikiliza vizuri. Aliuliza maswali ya maana. Mwisho Colby akasema kwa heshima, "Tunakuelewa, mama. Lakini bila mabanda itabidi tuhame kaunti. Baba yangu hana ardhi ya kutugawia, na kazi nyingine hapa ni kiwandani."

Wakatia sahihi wiki iliyofuata.

Jumamosi ile Arlys alikuja kwangu moja kwa moja akitoka kwao, akavua viatu mlangoni, akakaa, akapiga meza kwa kiganja mpaka vijiko vikaruka.

"Watoto wazuri wale," alisema. "Sijawakasirikia hata kidogo. Wana mahesabu yaleyale aliyokuwa nayo Merlyn."

Nikamuuliza atafanya nini na mabanda yake sasa. Akasema kuna watu wa mjini wanatafuta pa kulaza mashua zao na nyumba zao za magurudumu wakati wa baridi, na wanalipa mbele, na mashua haili. Alikuwa ameshakubaliana na wawili. Kisha akaniomba nimpeleke shuleni kwa gari langu Jumatatu, kwa sababu pikapu inaingia gereji, na lazima awepo mapema kuwasha majiko.